Kizunguzungu na Wasiwasi katika Majuma ya Kwanza ya Dawa za Afya ya Akili

Mgonjwa anayeanza kutumia dawa ya sonona hutarajia nafuu, lakini mara nyingi maudhi ya dawa hutangulia. Fluoksetini, kwa mfano, huweza kuleta kichefuchefu, kukosa usingizi na kuongezeka kwa wasiwasi ndani ya siku chache tu, ilhali nafuu yake huanza kuonekana baada ya majuma 2 hadi 4, na pengine zaidi. Kipindi hicho cha kusubiri ndicho huwafanya wagonjwa wengi waamini kuwa dawa inawadhuru, wakaiacha kabla haijaanza kuwafaa.

Chanzo cha kizunguzungu

Mtu anaposimama, damu huelemea miguuni. Kwa kawaida mishipa ya damu husinyaa mara moja na mapigo ya moyo huongezeka, ili ubongo usikose damu. Amitriptilini na klopromazini huzuia mishipa hiyo isisinyae upesi. Shinikizo la damu likishuka, macho huingia kiza na miguu hulegea. Hali hii huwapata zaidi wazee, wanaotumia pia dawa za presha, na waliopungukiwa maji mwilini kwa joto, kutapika au kuharisha.

Ili kuitambua, mhudumu wa afya hupima shinikizo la damu mgonjwa akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi, au cha chini kwa 10 au zaidi, chanzo kimejulikana.

Wasiwasi unavyochochea kizunguzungu

Mgonjwa akihisi kizunguzungu, huingiwa na hofu kwamba ataanguka au atakufa. Hofu humfanya aheme harakaharaka, na kuhema huko huondoa hewa ya kabonidayoksaidi mwilini kupita kiasi. Hapo mishipa ya damu ya ubongo husinyaa, kizunguzungu huzidi, vidole na midomo hufa ganzi, na hofu nayo hupanda. Mgonjwa anayefahamu mzunguko huu huweza kuukata.

Namna ya kukabiliana na hali hiyo

Asubuhi, mgonjwa aketi ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili kabla ya kusimama. Kizunguzungu kikimshika, aketi au alale papo hapo. Kama hakukatazwa na daktari, anywe maji ya kutosha. Pombe aiepuke kabisa. Asiendeshe bodaboda wala gari, na asipande ngazi au mti, hadi atakapojua dawa inavyomwathiri. Hofu inapopanda, avute pumzi taratibu kwa pua akihesabu hadi 4, kisha aitoe akihesabu hadi 6, kwa dakika chache.

Ni vyema pia aandike saa ya kumeza dawa na saa ya dalili kutokea. Kumbukumbu hiyo humwezesha daktari kupunguza dozi, kuipandisha polepole au kubadili saa ya kuimeza. Amitriptilini, kwa kuwa huleta usingizi, kwa kawaida humezwa usiku. Fluoksetini mara nyingi humezwa asubuhi.

Mgonjwa asiiache dawa ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe. Kuacha ghafla dawa nyingi za sonona huleta kizunguzungu na wasiwasi vilevile, hivyo anayekimbia maudhi huweza kukutana nayo tena, huku ugonjwa wenyewe ukirejea.

Dalili zisizongoja

Mgonjwa afikishwe hospitali mara moja akizimia, akipata maumivu ya kifua, au akipatwa na homa kali pamoja na kukakamaa misuli na kuchanganyikiwa. Anayetumia lithiamu akianza kuyumbayumba, kutetemeka sana, kutapika au kuharisha, asidhani ni maudhi ya kawaida: huenda dawa imezidi katika damu. Aidha, mawazo ya kujiua huweza kuongezeka mwanzoni mwa matibabu, hasa kwa vijana walio chini ya miaka 25. Akiyataja, au akionekana kutotulia kupita kawaida, asiachwe peke yake, na daktari ajulishwe siku hiyo hiyo.

Kwa walio wengi, maudhi ya mwanzo hupungua ndani ya majuma mawili hivi. Mgonjwa aliyeelezwa hayo kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, na ndugu zake wakayafahamu, hupata sababu ya kuvumilia na hujua pia pale ambapo kuvumilia hakufai.