Uvimbe wenye Gegedu: Linda Kinyama Kabla ya Kupima Jeni

Kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe wenye gegedu kikifika maabara, mara nyingi kisu hukwaruza. Hiyo ni chokaa iliyoganda ndani. Mtu wa maabara, akitaka kukata vipande vyembamba bila taabu, hukitia kwenye asidi ya nitriki au ya hidrokloriki. Siku ya pili kinakatika vizuri, na chini ya darubini kinasomeka. Ila RNA, ambayo ndiyo inayotuonyesha jeni zilizoungana, imeshavunjikavunjika, na hakuna mashine popote duniani itakayoirudisha.

Ndiyo maana nasema kipimo cha jeni kinaanzia chumba cha upasuaji. Weka kinyama kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo wake angalau mara 10 ya kinyama chenyewe. Kikiwa kikubwa, kipasue kwanza ili dawa ipenye hadi katikati. Andika saa kilipotolewa, na usikiache kwenye fomalini zaidi ya siku 3.

Maabara, kabla hujagusa asidi, tafuta sehemu isiyo na chokaa. Karibu kila uvimbe unayo, hata kama ni ndogo kama punje ya mchele. Ikate, iweke kwenye kaseti yake peke yake, na uandike juu yake: ASIDI ISITIWE. Bloku ya nta itakayotoka kwenye kaseti hiyo ndiyo itakayopimwa jeni. Kama kinyama chote ni kigumu, tumia EDTA, ambayo huondoa chokaa polepole bila kuharibu sana vinasaba. Inaweza kuchukua siku kadhaa au hata wiki, kwa hiyo mweleze daktari na familia ya mgonjwa mapema. Kusubiri kunauma, lakini kuishi na jibu lisilo sahihi kunauma zaidi.

Tofauti ya majibu ni kubwa mno. Chukua kondrosakoma ya mesenkaima, saratani inayowapata zaidi vijana, na ambayo wakati mwingine huota nje ya mfupa. Ina sura mbili: seli ndogo za duara zilizobanana, na visiwa vya gegedu. Sindano ikichota seli za duara tu, inafanana na sakoma ya Ewing. Ikichota gegedu tu, inaweza kudhaniwa uvimbe usio na madhara. Kinachoitambulisha ni muungano wa jeni HEY1 na NCOA2, uliotangazwa mwaka 2012. Jeni zote mbili ziko kwenye kromosomu ya 8.

Kondroma ya tishu laini, kwa upande mwingine, hukaa zaidi kwenye vidole vya mikono na miguu, na si saratani. Nyingi zina jeni FN1 iliyovunjika na kuungana na nyingine, mara nyingi FGFR1 au FGFR2. Hapa usiharakishe. Muungano wa FN1 na FGFR1 unapatikana pia kwenye uvimbe unaomwaga homoni ya FGF23, ambayo huifanya figo ipoteze fosfeti hadi mifupa ikalainika. Mgonjwa huja akilalamika maumivu ya mifupa na udhaifu wa misuli, na kwa miaka anatibiwa kitu kingine. Basi ukiona FN1 kwenye ripoti, muulize mgonjwa kuhusu mifupa yake na upime fosfeti kwenye damu. Kipimo hicho ni rahisi, na uvimbe ukitolewa wote mgonjwa anaweza kupona.

Jina nalo linaweza kukupotosha. Kondrosakoma ya miksoidi ya nje ya mfupa, licha ya jina, kwa kawaida haitengenezi gegedu halisi. Alama yake ni jeni NR4A3, ambayo mara nyingi huungana na EWSR1, na wakati mwingine na TAF15. Maabara ikitafuta EWSR1 peke yake, mgonjwa mwenye TAF15 ataambiwa hana kitu. Nayo EWSR1 huvunjika katika sakoma nyingi, ikiwemo ya Ewing, kwa hiyo kuiona imevunjika hakutoshi. Uliza imeungana na nani. Jibu likija hasi, uliza ni jeni zipi zilizotafutwa, kwa njia gani, na kama RNA ilikuwa nzima.

Fomu ya kupeleka kinyama ijazwe kikamilifu: umri, mahali hasa uvimbe ulipo, na kama umeshikana na mfupa. Ambatanisha picha ya eksirei. Bila picha hiyo, uvimbe uliotokea ndani ya mfupa na kuchomoza nje unaweza kudhaniwa wa tishu laini, na vipimo vyote vitafuata njia isiyo yake.

Bloku zisitupwe. Kondrosakoma ya mesenkaima inaweza kurudi au kusambaa hata baada ya miaka 10 na zaidi, wakati daktari wa kwanza keshahama na faili halionekani. Andika namba ya bloku kwenye kadi ya mgonjwa, pamoja na jina la muungano ulioonekana, na umwombe aipige picha kwa simu yake.