Kufundisha Uchomaji wa Udongo

Mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha hupenda kuanza somo la ufinyanzi ubaoni: udongo ni laini, ukichomwa huwa mgumu. Si uongo, lakini mtoto hubaki akidhani kwamba moto hufanya kazi ileile ya jua, ila kwa haraka zaidi. Twapendekeza somo lianze kwa jaribio.

Watoto wafinyange vibao viwili vyembamba, vikaushwe kivulini wiki nzima au zaidi. Kimoja kichomwe, kingine kiachwe vivyo hivyo, kisha vyote vitumbukizwe katika ndoo ya maji. Kisichochomwa kitamumunyika na kuwa tope. Kilichochomwa kitatoa mapovu madogo madogo, nacho kitabaki kizima. Hapo mwalimu anyamaze kidogo, awaache waulizane.

Ndipo aeleze kwamba udongo una maji ya namna mbili. Ya kwanza ni yale tuliyoukandia. Hayo hutoka kwa kukauka. Ya pili yamefungamana na udongo wenyewe. Katika kaolini, ambayo ni udongo mweupe, yafikia kama sehemu 14 katika 100 za uzito, na jua haliyawezi. Moto ukifika baina ya nyuzi 450 na 600 za sentigredi, kiasi ambacho moto wa wazi wa kuni na nyasi hukifikia, maji hayo hutoka yakiwa mvuke, na udongo haurudi tena kuwa tope. Chembe hushikana, na baina yake hubaki vitundu tusivyoviona kwa macho. Mapovu yale ni hewa iliyosukumwa na maji kutoka humo.

Mvuke una hatari yake. Maji ya kukandia yakisalia ndani ya chungu, yatachemka, na mvuke wake hutaka nafasi kubwa kuliko maji kwa zaidi ya mara 1,600. Ukikosa njia hupasua chombo na vigae huruka. Kwa hiyo chombo kiguswe kwa shavu: kikiwa baridi, hakijakauka. Kipashwe moto polepole kwanza, na watoto wakae mbali. Wafinyanzi huchanganya udongo na mchanga au vigae vilivyotwangwa ili mvuke upate pa kupitia. Penye mfinyanzi karibu na shule, kama walivyo akina mama wa Kikisi kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa soko la Matema, aalikwe yeye aongoze uchomaji. Cheti chetu hakitufundishi kuusoma moto kama yeye.

Wako walimu waviitao vitundu vile kasoro. Wajaze maji mtungi na debe, waviweke upenuni penye upepo, kisha wapime joto la maji baada ya saa chache. Maji yapenyayo hadi nje ya mtungi hugeuka mvuke na kuchukua joto la yale yaliyobaki ndani. Jaribio hili lifanywe wakati wa kiangazi; wakati wa masika hewa imejaa unyevu, na tofauti huwa ndogo mno.