Ufunguo wa USB wa Programu: Namna ya Kuuweka Hadi Programu Ifunguke

Umenunua programu ya kazi kwa fedha nyingi, na ndani ya bahasha pamoja na ankara umekuta kijiti kidogo cha USB kinachofanana na flashi. Unakichomeka, hakuna faili lolote linalotokea. Unafungua programu, inakujibu kwamba haijaona leseni. Wengi wakifika hapo humpigia simu muuzaji kwa hasira, wakati kijiti ni kizima kabisa na kilichokosewa ni mpangilio wa hatua tu.

Kijiti hicho ndicho leseni yako. Mafundi hukiita "dongle". Hapa tutakiita ufunguo wa leseni. Ndani yake kuna chipu yenye siri ambayo haiwezi kunakiliwa kwa kunakili faili, na kila unapofungua programu, programu huuliza kwanza kama ufunguo upo. Ukiwepo, inafunguka. Ukiuchomoa katikati ya kazi, mara nyingi itasimama na kukuomba uurudishe. Utaukuta zaidi kwenye programu za gharama: Archicad ya wasanifu wa majengo, Wilcom ya wanaochora nakshi za mashine za kudarizi, programu za wahandisi, na zile za kukatia stika za mabango.

Kwa hiyo usishangae kutoona diski mpya ukiuchomeka. Si flashi. Funguo chache huonekana kama diski, hasa baadhi ya zile za CodeMeter, na hizo ndizo huponza watu: kijana wa ofisini anakiona kijiti, anadhani ni flashi tupu, anataka kukifomati ahifadhie nyimbo. Kibandike karatasi yenye jina la programu, na uwaambie wenzako wasikiguse.

Utajuaje ufunguo wako ni wa kampuni gani? Swali hili lina maana, kwa sababu aliyeunda programu kwa kawaida si yeye aliyeunda ufunguo. Usome ubavuni. Ukiona neno Sentinel au HASP, umetoka katika ukoo uliopita mikononi mwa SafeNet na Gemalto, na sasa uko chini ya Thales ya Ufaransa; HASP yenyewe ilianzishwa na Aladdin ya Israeli. Ukiona CodeMeter au Wibu, umetengenezwa na Wibu-Systems ya Karlsruhe, Ujerumani. Wapo watengenezaji wengine, lakini hao wawili utakutana nao mara nyingi. Nitaeleza zaidi Sentinel, na CodeMeter nitaigusa pale inapotofautiana.

Jambo la pili la kuangalia ni kwenye ankara au barua pepe ya ununuzi: je, leseni ni ya kompyuta moja au ya mtandao? Leseni ya kompyuta moja inataka ufunguo uchomekwe kwenye mashine ileile unayofanyia kazi. Ya mtandao huchomekwa kwenye kompyuta moja ya ofisi, na wengine wakaitumia kupitia waya au Wi-Fi. Makala hii ni ya wenye leseni ya kompyuta moja. Kama una ofisi ya watu watano na ufunguo mmoja wa aina hii, hakuna ujanja wa Wi-Fi utakaowafungulia wote kwa pamoja. Itabidi kupokezana, au kununua leseni ya mtandao.

Sasa tuanze kazi. Ufunguo uache mezani kwanza. Washa kompyuta na uingie kwa akaunti ya msimamizi, yaani akaunti inayoruhusiwa kuongeza na kuondoa programu. Kama kompyuta ni ya ofisi na huna nywila ya msimamizi, mtafute mwenye nayo kabla hujaanza, maana ukikwama katikati utalazimika kurudia. Kisha sakinisha programu, yaani iweke kwenye kompyuta, kutoka kwenye diski au faili ulilopewa na muuzaji. Mara nyingi itakuja pamoja na draiva ya ufunguo. Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuelewana na kifaa kilichochomekwa. Ukiulizwa kama uisakinishe, kubali. Ngoja hadi ikwambie imemaliza, zima kompyuta na uiwashe tena. Hapo ndipo uchomeke ufunguo.

Kwa nini usubiri? Kwa sababu funguo za zamani zikichomekwa kabla ya draiva, Windows hukutana na mgeni isiyemjua, humwandika kama kifaa kisichotambulika, na baadaye hata draiva sahihi ikiletwa, rekodi ile ya kwanza inaweza kukusumbua. Funguo mpya za Sentinel HL zilizopangwa kutohitaji draiva yake zina nafuu, kwani hutumia draiva iliyomo tayari ndani ya Windows, ileile inayohudumia kipanya na kibodi. Hata hivyo fuata mpangilio huu kwa ufunguo wowote. Haukugharimu kitu.

Chomeka ufunguo moja kwa moja kwenye kompyuta, usiupitishe kwenye kile kigawanyo cha USB cha bei rahisi chenye matundu manne. Kwenye kompyuta ya mezani, tundu la nyuma ni salama dhidi ya mikono, lakini kama mashine iko chini ya meza, miguu na mifagio itaupiga. Hapo nunua waya mfupi wa kurefusha USB na uufunge ubavuni mwa meza. Nimeona funguo nyingi zilizovunjika shingo kuliko zilizokufa zenyewe.

Sasa tazama ncha ya ufunguo. Funguo nyingi za Sentinel zina taa ndogo ndani ya plastiki, nayo ikiwaka na kutulia, maana yake Windows imeutambua. Isipowaka, jaribu tundu jingine kabla ya kufikiria lolote. Ukiwa na tundu jeusi la USB 2 na la buluu la USB 3, jaribu yote mawili.

Taa ikiwaka bado hujui kama leseni iliyomo ndiyo uliyonunua. Fungua kivinjari unachotumia kusomea intaneti, na mahali pa anwani andika http://localhost:1947 kisha ubonyeze Enter. Huhitaji bando, kwa sababu ukurasa huo umo ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Ni dirisha la msimamizi wa leseni wa Sentinel. Upande wa kushoto bonyeza Sentinel Keys. Utaona jedwali, na kila mstari ni ufunguo mmoja uliochomekwa. Safu ya Key ID ina namba ya ufunguo. Iandike kwenye daftari na kwenye ankara sasa hivi. Siku ya matatizo ndiyo ya kwanza utakayoulizwa. Kwenye mstari huohuo kuna kitufe cha Blink on. Kibonyeze, na taa ya ufunguo itaanza kupepesa. Ukiwa na funguo mbili au tatu zinazofanana, hii ndiyo njia ya kujua namba ipi ni ya kijiti kipi bila kuchomoa chochote.

Wenye CodeMeter wao watazame alama yake karibu na saa, chini kulia kwenye kioo. Ikiwa ya kijani, ufunguo umeonekana. Ukurasa wake wa ndani unafunguliwa kwa http://localhost:22352.

Na kama ukurasa hauji kabisa? Basi draiva haipo au imesimama. Ipakue upya kutoka tovuti ya Thales. Faili lake la kusakinishia kwa Windows linaitwa HASPUserSetup.exe. Ya CodeMeter iko kwenye tovuti ya Wibu-Systems. Zote ni bure, gharama yako ni bando tu. Usiipakue kutoka zile tovuti zinazojitangaza kuwa na draiva za kila kitu, na fundi akikuwekea kwenye bili yake bei ya draiva, mwulize anauza nini hasa. Kazi yake mlipe, ila draiva haina bei.

Programu ikikataa kufunguka, soma namba ya kosa kabla ya kulifuta dirisha, au lipige picha kwa simu. Kwa Sentinel, H0007 maana yake ufunguo haujaonekana: haujachomekwa vizuri, au umechomeka wa programu nyingine. H0033 maana yake ni kwamba msimamizi wa leseni hajibu: andika services.msc kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, tafuta Sentinel LDK License Manager, na uiwashe. Ukikuta inazimika tena, ichunguze antivairasi yako. H0041 husema muda wa leseni umekwisha. H0027 huwachanganya wengi: inamaanisha umeingia kwenye kompyuta kwa mbali kupitia Remote Desktop ya Windows, na leseni ya kompyuta moja mara nyingi haikubali hilo, hata kama ufunguo umechomekwa kwenye mashine yenyewe. Rudi ukae mbele ya kompyuta. Programu kama AnyDesk kwa kawaida haileti shida hii, kwa kuwa huonyesha tu kioo cha kompyuta ileile.

Ufunguo unaopotea baada ya kompyuta kulala una dawa yake. Fungua Device Manager, nenda kwenye orodha ya vifaa vya USB, fungua kila USB Root Hub, na katika ukurasa wa Power Management ondoa alama inayoiruhusu Windows kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Kwenye laptopu hili hutokea sana.

Wenye Windows 11 wanaweza kukutana na kikwazo kingine. Ulinzi unaoitwa Memory integrity haukubaliani na draiva kongwe za HASP, na jina la faili utakalolaumiwa nalo ni hardlock.sys. Baadhi ya mafundi hukimbilia kuzima ulinzi huo. Mimi naona ni kuvunja ukuta ili kupitisha kiti. Ondoa draiva kongwe, weka mpya ya Thales, washa upya. Draiva mpya ina faida nyingine pia: mwaka 2018 watafiti wa Kaspersky walitangaza udhaifu 14 katika programu hii ya leseni, na walionya kwamba ikisakinishwa huifungulia njia namba 1947 kwenye ukuta wa moto wa Windows. Matoleo yaliyofuata yalirekebishwa. Kama draiva yako ilitoka kwenye CD ya zamani, ibadilishe.

Vipi ukibadilisha kompyuta? Hapa ndipo ufunguo wa kijiti unapopendeza. Sakinisha programu kwenye kompyuta mpya kwa mpangilio uleule, hamisha ufunguo, umemaliza. Hakuna kuomba namba mpya wala kusubiri barua pepe. Ukinunua nyongeza au ukihuisha leseni iliyoisha, pia hutumi kijiti popote: kwenye ule ukurasa wa 1947 unatengeneza faili la C2V linaloeleza kilichomo ndani ya ufunguo, unamtumia muuzaji, naye anakurudishia faili la V2C unaloliingiza kwenye ukurasa huohuo. Ufunguo uwe umechomekwa wakati wote huo, na usilitumie faili la V2C kwenye ufunguo wa mwingine, halitakubali.

Kuna watakaokuambia wana njia ya kufungua programu bila ufunguo, kwa bei ya chakula cha mchana. Mbali na virusi vinavyopenda kusafiri ndani ya faili hizo, Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na zote zinalinda programu za kompyuta.

La mwisho ni fedha. Plastiki ya ufunguo ni ya bei ndogo, lakini wauzaji wengi huhesabu ufunguo uliopotea kuwa leseni iliyopotea, na unaweza kutakiwa kununua upya kwa bei kamili. Uliovunjika ni tofauti, kwa sababu vipande vyake vinaonyesha kwamba haujauzwa kwa mtu mwingine. Mara nyingi utabadilishiwa kwa ada pamoja na gharama ya usafirishaji. Basi usitupe hata kipande. Kama unaikatia bima ofisi au karakana, uorodheshe ufunguo kwa bei ya leseni, siyo bei ya kijiti. Ukilazimika kuutuma kwa muuzaji nje ya nchi, piga picha pande zote mbili, weka nakala ya ankara na namba ya Key ID ndani ya kifurushi, na uutume kwa huduma ya kusafirisha vifurushi inayokupa namba ya kufuatilia.