Kuhamisha Mashua Kutoka Ziwani hadi Lualaba: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Anayehama kutoka Baraka, Fizi au Kalemie kwenda Kasongo hushauriwa auze mashua yake palepale ziwani Tanganyika, kisha akifika anunue mtumbwi kwa wavuvi wa Lualaba. Kwa wengi huo ni ushauri mwema. Masharti haya ni ya yule aliyekataa kuuza, kwa kuwa mashua ni ya baba yake au kwa kuwa bila tanga hana riziki. Yasome yote kabla hujang'oa msumari wa kwanza.

Pima mabega kwanza, mashua baadaye. Njia ya kupitia Kabambare kwenda Kasongo imeshabeba mashua. Mwaka 1874 msafiri Henry Morton Stanley aliagiza moja kwa fundi James Messenger wa Teddington, Uingereza: mbao za mwerezi, urefu futi 40, upana futi 6, ya kugawanyika vipande vitano. Akaiita Lady Alice. Ilipofika Zanzibar ikawekwa kwenye mizani, na kila kipande kikapita kilo 120. Mzigo uliozoeleka wa mpagazi wa bara ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Mashua ilikuwa imeundwa kwa ajili ya mito na maziwa, mabega hayakupimwa. Ikabidi fundi Mwingereza aliyekuwa Zanzibar, Ferris, avikate vile vipande upya viwe vidogo.

Kosa hilo linarudiwa hadi leo na watu wasiowahi kumsikia Stanley. Huanza na mashua, wakamaliza na kutafuta vijana wenye nguvu. Wewe anza na mtu. Njia ya mguu kati ya vijiji ni ya mmoja nyuma ya mwenzake. Kipande kinachotaka watu wawili wakae ubavu kwa ubavu kitamsukuma mmoja majanini na mwingine shimoni. Kila kipande kiwe chembamba, kining'inie kwenye mti mrefu, mmoja mbele na mmoja nyuma, na wawili wa kupokezana watembee mikono mitupu. Mikono mitupu, nimesema. Usiwape sufuria zako.

Usikate mashua isiyoundwa kukatwa. Kama taruma zimepigiwa misumari moja kwa moja kwenye mbao na mkuku ni mti mmoja, msumeno utakupa kuni. Mashua hiyo itakwenda nzima juu ya kamyo, au haitakwenda.

Weka alama kila kipande, na boliti zote azishike mtu mmoja. Tia chale kwa patasi, maana chaki itaoshwa na mvua ya kwanza. Chale moja omo, mbili kinachofuata, mpaka tezi. Boliti na nati zikae kwenye mfuko wa ngozi shingoni mwa mtu anayejulikana kwa jina. Katika safari ya Lady Alice mtu huyo wa kuulizwa alikuwa Uledi, nahodha wake. Mashua isiyo na mtu wa kuulizwa hufika ikiwa mbao.

Chagua majira, wala usidhani kiangazi kitakupa kila kitu. Mwaka 1915 Waingereza walileta Mimi na Toutou, boti mbili za injini, ili kupigana na Wajerumani ziwani Tanganyika. Zilishushwa Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, zikavutwa na magari ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, kisha zikateremka Lualaba kutoka Bukama hadi Kabalo. Njia ya milimani ilitaka ukavu, nao wakaupata. Waliposhuka mtoni, ukavu uleule ulikuwa umepunguza maji, na boti zikawa zinakwama kwenye michanga. Barabara inataka kiangazi, mto unataka mvua. Wewe unayepita nchi kavu hadi Kasongo, funga safari kati ya Juni na Agosti, na ukifika tulia ukisubiri maji yapande. Usijaribu kupata yote mawili katika mwezi mmoja.

Usiyaamini maji kwa sababu yanakwenda unakokwenda. Kuna anayetazama ramani, akaona Lualaba inatoka Kongolo kuja upande wa Kasongo, akasema: nitaipeleka mashua Kongolo, mto utanimalizia. Chini ya Kongolo kuna maporomoko ambayo Wabelgiji waliyaita Mlango wa Jehanamu, na jina hilo hawakulitoa kwa mchezo. Reli ya kati ya Kindu na Kongolo ilijengwa kwa sababu vyombo haviwezi kupita mto wote. Kampuni nzima yenye meli ilishindwa na mawe yale. Mashua ya familia yako haitayashinda.

Uliza habari za njia siku ileile. Kabambare imeteswa na watu wenye silaha kwa miaka mingi, na kijiji kilichopitika Jumatatu huenda Alhamisi kisipitike. Uliza wapanda pikipiki wanaotoka unakokwenda, uliza akina mama wa sokoni, kisha ujitambulishe kwa chifu kabla ya kulala kwake. Usitembee usiku. Ukiambiwa rudi, rudi, hata kama umebakiza kilomita kumi.

Karatasi za mashua ziwe juu, si chini ya mizigo. Kwenye kila bariyeri utaulizwa hii ni nini na ni ya nani. Jibu kwa utulivu, onyesha, ondoka.

Usiifanye mashua kuwa kikapu. Hapa nina ukali, kwa maana nimeliona kwa macho yangu. Mashua ikilala wazi juu ya kamyo, kila mmoja wa nyumbani huiona kama kapu kubwa: gunia la mihogo, godoro, mashine ya kushonea, kuku wawili. Kamyo ikiingia shimoni, mzigo wote unapiga mbao kutoka ndani, mahali ambapo mbao haikuandaliwa kupigwa. Mbao ya mashua imezoea kusukumwa na maji kutoka nje. Ilaze kifudifudi juu ya matairi makuukuu, ifunge kwa mikanda ya mpira ya matairi ya baiskeli, ambayo hunyooka na kurudi, na usiifunge kwa waya. Waya hukata. Kuku watafute nafasi yao.

Kinga kalafati dhidi ya jua. Chukua kidole gumba, kipitishe polepole kwenye maungio ya mbao mbili. Siku ya kuondoka utasikia pamba imejaa, laini, sawa na mbao. Baada ya siku nne za jua kidole kitaingia mpaka ukucha. Funika kwa magunia mabichi, uyamwagie maji asubuhi na jioni, kila kijitoni mnapopumzika. Usiharakishe kujaza pamba mpya njiani: mbao ikinywa maji itavimba, na pamba iliyoshindiliwa kupita kiasi itang'oa misumari.

Kwenye daraja la magogo, mashua ivuke bila kamyo. Teremsheni, bebeni, kamyo ipite tupu, pakieni tena. Ndiyo, kila daraja.

Usimtese mchukuzi, wala usimwache mwingine amtese kwa ajili yako. Lady Alice ilitoka Nyangwe, kwenye Lualaba, tarehe 5 Novemba 1876, ikaingia msitu mnene ambako wenye mashoka walitangulia kuifungulia njia. Vipande vile havikupinda kwa ajili ya miti, vililazimishwa kupita kwa nguvu za vifua. Waliovibeba walilalamika wazi. Majuma mawili walikwenda hivyo, na tarehe 19 ndipo mashua ikaungwa kando ya Lualaba. Wasafiri waliomtangulia Stanley, Livingstone mwaka 1871 na Cameron mwaka 1874, walikuwa wamekwama Nyangwe kwa kukosa mitumbwi, kwa hiyo ni kweli kwamba mashua ile ndiyo iliyofungua mto. Lakini ilifungua nini? Msafara ule ulipigana na watu wa kingo, na nyuma yake wakaja waliowalazimisha babu zetu kutoa pembe na mpira. Jina la mashua kila kitabu kinalo. Majina ya wengi walioibeba toka Bagamoyo hayasemwi. Miezi michache baadaye, mwaka 1877, Stanley mwenyewe akaitelekeza juu ya mawe ya maporomoko ya Isangila akaenda zake Boma.

Kwa hiyo wape ngata za majani ya migomba na vitambaa, ubadilishe mabega kila baada ya mwendo mfupi, mlo uwe wa moto mara mbili kwa siku. Anayeumwa mguu apande pikipiki kwa gharama yako. Livingstone alikaa miezi mingi Bambarre, ambayo ndiyo Kabambare, akisumbuliwa na vidonda vya miguu.

Patana malipo mbele ya mashahidi. Stanley na mfanyabiashara Tippu Tip walipatana dola 5,000 ili Tippu Tip amsindikize vituo 60, kisha msitu ukavuruga hesabu na Tippu Tip akageuka kabla ya kutimiza. Katika kumbukumbu zake za Kiswahili, Tippu Tip alilalamika kwamba ahadi aliyopewa haikutimizwa. Wakubwa wale walikuwa na mkataba wa maandishi, na bado waligombana. Wewe andika idadi ya siku, malipo ya siku ya mvua, na malipo ya siku ya kusubiri barabarani. Hiyo ya mwisho ndiyo husahauliwa.

Mkifika ukingoni, usitweke tanga. Unga mashua, izamishe majini penye kina cha kiuno, tia mawe ndani, iache siku tatu mbao zinywe. Wakati huo wafuate Wagenya, wavuvi wa mto huu, uwaulize mkondo unapita wapi mwezi huu na mchanga umehamia wapi, maana upepo wa ziwani unaoujua wewe haupo hapa. Na kabla mlingoti haujasimama, waite wote waliobeba, kila mmoja kwa jina lake, uwalipe mkononi. Anayetaka kupanda safari ya kwanza umpe nafasi ya kukaa.