Volkano za Tabora: Safari ya Siku Moja Kutoka Lusu

Mwanafunzi akiulizwa volkano za nchi yetu ziko wapi, hutaja upesi Kilimanjaro, Meru na Oldoinyo Lengai. Ni nadra kuisikia Tabora ikitajwa. Hata hivyo mkoa huo unazo volkano, tena za aina adimu kabisa duniani, na darasa linaloondoka Lusu alfajiri laweza kuzifikia siku hiyo hiyo.

Somo lianzie Lusu penyewe, wilayani Nzega. Nchi hapa ni tambarare, lakini katika ukanda wa miamba ya Nzega imo iliyomwagwa na volkano zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Milima ile imekwisha kulika kwa mvua na upepo. Iliyobaki ni mizizi yake tu. Tangu zama hizo ardhi hii imekuwa nene, baridi na tulivu.

Kutoka Nzega twapita Tabora mjini, kisha twaelekea magharibi, upande walioufuata wapagazi wa Kinyamwezi katika misafara ya Ujiji, na baadaye reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Baada ya Urambo, kaskazini ya reli, vipo Vilima vya Igwisi katikati ya miombo. Ni vilima vitatu vifupi vyenye kreta, na mahali pamoja zaha, yaani mwamba ulioyeyuka, ilitiririka ikaganda. Asiyeelezwa aweza kuvipita bila kuvitambua.

Je, volkano imetokeaje katika nchi tulivu kama hii? Jibu limo katika mawe yenyewe. Haya ni kimberliti, jamaa ya mwamba wa Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Kimberliti huyeyukia chini sana, zaidi ya kilometa 100, kisha hupanda kwa kasi ikisukumwa na gesi. Njiani hung'oa vipande vya miamba ya kina na kuvileta juu. Ndiyo maana katika zaha ya Igwisi zimo punje za olivini zilizoviringana kama kokoto za mtoni. Mlipuko wa namna hii ni mdogo na hukoma upesi, wala haujengi mlima mrefu.

Mwaka 2012 wataalamu walitangaza umri wa Igwisi. Walipima heliamu inayojilimbikiza ndani ya olivini kwa kupigwa na miale itokayo angani: jiwe likikaa wazi muda mrefu zaidi, heliamu huongezeka. Wakapata yapata miaka 12,000, huku kadirio likiweza kupungua au kuzidi kwa maelfu kadhaa. Mwadui ililipuka yapata miaka milioni 50 iliyopita. Hakuna volkano ya kimberliti inayojulikana iliyo changa kuliko Igwisi.

Hapo ndipo ilipo thamani yake. Penginepo sehemu ya juu ya volkano hizi imekwisha kumomonyoka, na mtaalamu huona koo tu. Igwisi bado ina mdomo. Ukivunjwa kwa kutafuta kokoto za ujenzi, hakuna mwingine wa kuusoma badala yake. Basi mwalimu apate kwanza idhini ya serikali ya kijiji, na wanafunzi wachore na kupima bila kupiga nyundo.

Maswali
1. Kwa nini urefu wa mlima hautoshi kuitambulisha volkano?
2. Eleza tofauti kati ya miamba ya Lusu na ile ya Igwisi kwa umri na kwa umbo la nchi.
3. Jiwe lililofunikwa na udongo kwa muda mrefu litaonyesha umri mkubwa au mdogo kuliko wake halisi? Toa sababu.