Mtoto Mdogo Katika Msitu wa Gombe

Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya familia iliyotoka nchi ya mbali, ikaishi msituni pamoja na mtoto mdogo. Msitu wenyewe uko kwetu Tanzania, Mkoa wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Unaitwa Gombe. Lakini wazazi wa mtoto huyo walitoka Ulaya. Kwao Gombe ilikuwa ugenini kweli kweli.

Kwa nini tujifunze habari hii? Kwa sababu wengi wetu tunahama. Mmoja anakwenda kambi ya uvuvi. Mwingine anafungua shamba jipya kando ya pori. Anahama na mke, na mtoto anayejifunza kutembea. Mizigo tunaifunga vizuri: sufuria, jembe, godoro, hata kuku. Je, usalama wa mtoto tumeuweka katika mzigo gani? Hebu tuone wenzetu walivyofanya.

1. KUFIKA UGENINI

Mwezi wa Julai mwaka 1960, kijana mmoja wa Kiingereza alifika Gombe kwa mashua. Jina lake Jane Goodall. Alikuwa na miaka 26. Alitumwa na mtaalamu wa Kenya, Dk. Louis Leakey, awachunguze sokwe katika maisha yao ya porini.

Sokwe tunaowasema hapa ni wale wanaoitwa pia sokwe mtu. Si nyani, wala si kima. Sokwe hana mkia, na nguvu zake zinamshinda mtu mzima.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza. Serikali hiyo ya kikoloni haikukubali msichana akae porini peke yake. Basi mama yake mzazi, Vanne, akafuatana naye. Walikuwa pia na mpishi aliyeitwa Dominic. Walianza maisha katika hema.

Mwaka 1962 alifika mpiga picha wa Kiholanzi, Hugo van Lawick. Mwaka 1964 Jane na Hugo wakaoana. Mwezi wa Machi mwaka 1967 wakapata mtoto wa kiume. Alipewa jina la baba yake, lakini nyumbani walimwita Grub.

Sasa shida ikaanza. Watu wazima wawili wanaweza kulala hemani, wakala chochote, wakapanda mlima alfajiri. Mtoto mchanga je?

2. HATARI ILIKUWA NINI?

Watu wengi walidhani sokwe anakula matunda na majani tu. Jane ndiye aliyeona kwa macho yake, mwaka ule ule wa 1960, kwamba sokwe hula nyama pia. Huwinda mbega wachanga, watoto wa pongo na watoto wa nguruwe pori. Kwa hiyo mtoto wa binadamu naye, machoni pa sokwe dume, anaweza kuwa windo tu. Tena habari za sokwe kumnyakua mtoto wa mtu zilikuwa zimesikika huko miaka ya nyuma.

Msomaji, usidhani huu ni uoga wa mzazi. Mwaka 2002, katika Gombe hiyo hiyo, sokwe dume mmoja alimwua mtoto wa binadamu wa miezi 14. Alimnyakua akiwa amebebwa. Yaani hata mgongoni mwa mtu mtoto hakuwa salama.

Kulikuwa na jambo jingine lililoongeza hatari. Ili awaone sokwe kwa karibu, Jane na wenzake walikuwa wakiwawekea ndizi kambini. Sokwe wakazoea. Wakaacha kuwaogopa watu. Mnyama aliyeacha kuogopa watu ni hatari kuliko yule anayekimbia. Baadaye ndizi zilipunguzwa, na siku hizi sokwe wa Gombe hawalishwi kabisa.

Tukumbuke jambo hili na sisi. Mabaki ya chakula, maganda ya ndizi na mahindi yaliyoanikwa ovyo huwaita nyani na nguruwe pori mpaka mlangoni. Anayecheza mlangoni ni nani? Ni mtoto.

3. NYUMBA KWANZA

Wazazi wale hawakusema, "Tutaona mbele ya safari." Walitengeneza mahali pa mtoto.

Grub alipokuwa mchanga sana, alilazwa katika kizimba kikubwa ndani ya nyumba, na madirisha yaliwekwa wavu wa chuma. Kizimba ni kama banda la kuku, lakini hiki kilikuwa cha mtoto. Jambo hili linaweza kuchekesha. Eti mtoto wa mtu anafungiwa, na wanyama wako nje wanatembea! Lakini Jane mwenyewe aliandika kwamba sokwe madume walikuja dirishani, nywele zimewasimama, wakautikisa wavu wakimtazama mtoto. Bila wavu ule, mambo yangekuwa mengine.

Mtoto alipoanza kukua na kutaka kutembea, kizimba hakikumtosha. Wakajenga nyumba chini, ufukoni mwa ziwa. Walichagua ufukoni kwa sababu sokwe hawakushuka huko mara nyingi kama walivyokuwa wakienda kambini. Nyumba hiyo ilikuwa na baraza iliyozungushiwa wavu. Mtoto aliweza kucheza, akaona ziwa na miti, akapata hewa safi, na bado akawa salama.

Hapa kuna mafunzo mawili. La kwanza, walichagua mahali pa kujenga kwa kuangalia njia za wanyama. La pili, ulinzi ulibadilika kadiri mtoto alivyokua. Ulinzi wa mtoto wa miezi 6 hautoshi kwa mtoto wa miezi 18. Huyu wa pili ana miguu! Ukigeuka kukoroga uji, ukitazama tena, hayupo.

4. KAZI NA MTOTO

Wavu peke yake haukutosha. Wazazi waliweka sharti: mtoto asiachwe peke yake hata kidogo. Siku zote awepo mtu mzima karibu naye.

Sharti hilo lilikuwa na gharama. Jane alipenda kushinda milimani na sokwe. Baada ya kumpata mtoto, akapunguza. Asubuhi alifanya kazi yake, na alasiri ikawa ya mtoto. Kazi nyingi ya kuwafuata sokwe ikafanywa na wanafunzi na wafanyakazi wengine, wakiwemo Watanzania wa vijiji vya jirani.

Jane alisema pia kwamba alijifunza malezi kwa sokwe wenyewe. Alikuwapo sokwe jike mzee, aliyepewa jina la Flo. Flo alikuwa mvumilivu. Mwanawe akifanya utundu, mara nyingi Flo hakumpiga. Alimtekenya, akamchezesha, mpaka mtoto akasahau ule utundu. Kumbe hata mnyama anajua kwamba mtoto mdogo husahau upesi akionyeshwa kitu kingine. Mtoto wako akikimbilia kisu, mpe kijiko cha mbao abishe sufuria. Utachoka na kelele, lakini vidole vyake vitabaki vitano.

5. MARADHI HAYANA MENO

Sokwe ana meno, tunayaona. Maradhi hayana meno, lakini huua zaidi.

Jane na mama yake walipofika mwaka 1960 waliambiwa kwamba huko hakuna malaria. Wakaamini, na hawakuwa na dawa ya malaria. Baada ya miezi michache wote wawili walilala ndani ya hema, wanatetemeka kwa homa. Dominic, mpishi wao, ndiye aliyewauguza. Hao walikuwa watu wazima. Mtoto mdogo hana nguvu ya kulala na homa ya namna hiyo siku nyingi.

Mwaka 1966, Jane akiwa mja mzito, ugonjwa wa kupooza, yaani polio, uliingia Gombe. Ulikuwa umeonekana kwanza kwa watu wa mkoa huo. Halafu ukawapata sokwe, maana sokwe huambukizwa maradhi mengi ya binadamu. Baadhi walikufa. Wengine walibaki na mkono au mguu uliopooza. Jane na Hugo wakapata chanjo wao wenyewe. Kisha chanjo ikaletwa kutoka Nairobi, ikatiwa ndani ya ndizi, sokwe wakapewa wakala.

Ndugu wasomaji, ikiwa sokwe wa porini walitafutiwa chanjo mpaka Nairobi, sisi tutasema nini mbele ya mtoto ambaye chanjo yake iko kliniki, tena bure?

6. MWENYEJI NDIYE MWENYE NJIA

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Wavuvi na watu wa kijiji cha Mwamgongo hawakuamini kwamba mtu anaweza kutoka Uingereza kuja kutazama sokwe tu. Wengine walidhani ni mpelelezi wa serikali.

Mama yake Jane alifungua huduma ndogo ya dawa kando ya hema. Hakuwa daktari. Alikuwa na vidonge vya kawaida, bandeji, na maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya kusafishia vidonda. Watu wenye vidonda vikubwa vya miguu wakaja, wakakaa, wakaoshwa taratibu, wakapona. Shaka ikapungua. Urafiki ukaanza.

Urafiki huo ndio Grub alioukuta. Alikua akisema Kiswahili. Alicheza ufukoni, akapenda sana kuvua samaki. Mtoto aliyezungukwa na watu wanaomjua jina ana macho mengi yanayomwangalia. Mgeni anayejitenga, mtoto wake ana macho mawili tu ya kumlinda.

Grub alipofika umri wa kusoma, alisoma kwanza hapo hapo nyumbani. Baadaye alikwenda Uingereza, akakaa na bibi yake Vanne, akaingia shule. Gombe ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, na kazi ya kuwachunguza sokwe inaendelea mpaka leo. Jane Goodall alifariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91.

7. SISI TUFANYE NINI?

Hatuna haja ya kujenga nyumba ya wavu wa chuma. Lakini jambo kubwa tunaweza kulishika: msitu hautabadilika kwa ajili ya mtoto. Sisi ndio tubadilishe nyumba yetu na utaratibu wa kazi zetu.

Kabla ya kuhamia porini au kambini na mtoto mdogo, tufanye haya:

(a) Baba atangulie. Awaulize wenyeji: wanyama wanapita wapi? Nyoka wako wapi? Maji ya kunywa yanatoka wapi? Zahanati iko umbali gani, na usiku mtu anafikaje?

(b) Mtoto apelekwe kliniki. Chanjo zilizobaki zitolewe kabla ya safari. Kadi yake isafiri pamoja naye.

(c) Chandarua chenye dawa kiwe mzigo wa kwanza kufungwa, kisiwe wa mwisho. Mtoto akipata homa huko, apelekwe akapimwe siku hiyo hiyo. Tusiambiane, "Huku hakuna malaria."

(d) Tufyeke kuzunguka nyumba. Tujenge ua mdogo wa fito au matete, wenye mlango unaofungwa. Hapo ndipo mtoto atakapocheza. Lakini ua si mlezi. Mtu mzima awepo.

(e) Tupange zamu. Mama akienda shambani, nani anabaki? Mtoto wa miaka 7 hawezi kumlinda mwenzake wa mwaka mmoja. Kama hakuna wa kubaki, shamba lisubiri. Palizi ikichelewa wiki moja, tutavuna kidogo. Mtoto akipotea, hatupandi mwingine.

(f) Mabaki ya chakula tuyafukie. Maji ya kunywa tuyachemshe.

(g) Tuwasalimu majirani mapema, hata kama jirani yuko mwendo wa nusu saa.

Wengine watasema, "Wazungu wale walikuwa na fedha za wavu na nyumba mbili." Ni kweli. Lakini sharti la kutomwacha mtoto peke yake halikununuliwa dukani. Kuamua kwamba alasiri ni ya mtoto hakukuhitaji fedha za kigeni. Hayo hata sisi tunayaweza, tukikaa baba na mama tukakubaliana.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini ndizi zilizowekwa kambini ziliongeza hatari kwa mtoto?

2. Kwa nini wazazi wa Grub walijenga nyumba ufukoni?

3. Nyumbani kwako, mtoto anayejifunza kutembea anaweza kufikia vitu gani vya hatari? Vitaje vitano, uviandike.

4. Katika kijiji chenu, nani hubaki na watoto wadogo wakati wa palizi? Je, utaratibu huo unafaa? Jadilianeni, kisha andikeni mliyokubaliana.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kizimba: chumba kidogo cha fito au nyaya.
Windo: mnyama anayewindwa.
Zamu: kupokezana kazi kwa wakati uliopangwa.