Samaki Anaumwa? Weka Chupa Chini Kwanza! Vidokezo 9 vya Kuliokoa Tangi Lako

Umewasha taa ya tangi asubuhi na yule gapi wako mwenye mkia wa kujidai amejibanza kwenye kona, mapezi kayakunja, chai yake haitaki. Mkono wako tayari unaitafuta namba ya muuza samaki, naye atafurahi kukuuzia chupa ya kitu cha bluu. Ngoja kidogo! Kwenye matangi mengi ya nyumbani, mgonjwa wa kwanza ni maji, samaki anafuata. Tuanzie hapo, na pesa yako itulie mfukoni.

1. Maji kwanza, dawa baadaye

Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia. Bakteria wema wanaoishi kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo makali yake ni madogo zaidi. Kwenye tangi jipya bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga, na wewe ulinunua tangi Jumamosi ukaleta samaki Jumapili, si ndiyo? Samaki wakipanda juu kuhema na matamvua yao yakiwa yameiva wekundu, shuku hapo. Kipimo cha matone kikionyesha amonia au nitriti yoyote juu ya sifuri, badilisha theluthi moja hadi nusu ya maji leo, na kesho tena. Huna kipimo? Badilisha tu, mradi maji mapya yawe na joto sawa na ya zamani.

Wenye samaki wa Ziwa Tanganyika, tegeni sikio. Samaki hao hupenda maji yenye pH inayokaribia 9, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa sumu kali. Kiasi ambacho samaki wa jirani wamekivumilia kwenye pH 7 kinaweza kuwamaliza wa kwako.

2. Maji ya bomba yalale kwanza

Klorini inayotusaidia sisi huunguza matamvua na kuua bakteria wa chujio. Yaache maji kwenye ndoo pana iliyo wazi kwa saa 24, ukiweza uyapulizie hewa kwa pampu. Una haraka? Dawa ya kuondoa klorini hufanya kazi ndani ya dakika chache. Na kama maji ya kwenu yanatibiwa kwa kloramini, dawa hiyo ni ya lazima, kwa sababu kloramini haiondoki kwa kusubiri.

3. Mkague kwa dakika mbili, kabla ya kumlisha

Swali la kwanza: wangapi wanaumwa? Wote wakibadilika ghafla siku moja, laumu maji. Akiwa mmoja tu, huenda ni ugonjwa, au kuna mbabe humo ndani anayemchapa usiku (na mbabe hana hata aibu, utamkuta anakula vizuri).

Sasa washa tochi. Vitone vyeupe vya ukubwa wa punje ya chumvi, na samaki anajikwaruza kwenye mawe: ni ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kimelea. Vumbi la rangi ya dhahabu linalong'aa mwanga ukimpiga ubavuni: hicho ni kimelea kingine, kidogo zaidi, na kinaua haraka. Kingo za mapezi zilizochanika zenye weupe: mapezi yanaoza, mara nyingi kwa sababu ya maji machafu. Utando mweupe mdomoni wengi huuita fangasi, kumbe mara nyingi ni bakteria, ndiyo maana dawa ya fangasi inagoma. Tumbo limevimba na magamba yamesimama: figo zimeelemewa, na hapo kupona ni kwa nadra.

4. Madoa meupe: hesabu siku, usihesabu madoa

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa wakiwa karibu kabisa kushinda. Kila doa ni kimelea kilichojificha chini ya ngozi, na huko hakuna dawa inayokifikia. Kikishiba hudondoka, hujibandika kwenye changarawe na kugawanyika mara nyingi hadi kuwa mamia ya watoto. Watoto hao huogelea wakitafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku moja au mbili hufa. Dirisha la dawa ni hilo tu!

Kwa hiyo madoa yakipotea siku ya tatu usishangilie. Hayajafa, yamedondoka kwenda kuzaa. Endelea na tiba walau siku 10 baada ya doa la mwisho kuonekana.

Joto nalo linaamua. Kwenye maji ya nyuzi 26 mzunguko wote huisha ndani ya wiki moja hivi, ila maji ya baridi huuburuza. Ndiyo maana mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kumaliza kazi mapema, wakati ndugu yake wa Njombe au Limuru, asiye na hita, bado anapambana. Kwa samaki wa maji ya joto, pandisha polepole, nyuzi moja kila baada ya saa chache, hadi 30. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, basi ongeza pampu ya hewa. Goldifishi usiwachemshe hivyo, wao asili yao ni baridi. Na kila siku nyonya uchafu kwenye changarawe kwa mrija: unatoa vizazi vizima vya adui bila senti ya dawa.

5. Chumvi ya jikoni, lakini kwa kipimo

Chumvi hii hii ya mezani inatosha, wala madini joto yaliyomo yasikunyime usingizi kwa kiasi hiki. Kwa madoa meupe na mapezi yaliyochanika, weka gramu 2 hadi 3 kwa lita. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba kama gramu 6, basi kimoja kinahudumia lita 2 hadi 3.

Lita ngapi? Zidisha urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54, kisha toa kidogo kwa ajili ya mawe na changarawe. Hesabu hii inakufaa kwa kila dawa utakayonunua maishani. Ikoroge chumvi pembeni hadi iyeyuke, igawe mafungu matatu, uyaweke taratibu kwa siku nzima. Kambare wadogo wasio na magamba hawaipendi sana, na mimea yako itanung'unika. Kumbuka pia kwamba maji hukauka ila chumvi hubaki: unapojazia yaliyopungua, jazia maji matupu.

6. Fungua wodi ya ndoo

Hospitali ya samaki ni ndoo mpya ya lita 20 isiyowahi kuona sabuni, jiwe la hewa, hita kama kwenu ni baridi, na kipande cha bomba la plastiki ili mgonjwa apate pa kujificha. Dawa kali zitumie humo. Methilini bluu, kwa mfano, ikiingia kwenye tangi kuu huua bakteria wema wa chujio na kupaka gundi ya kioo rangi ya bluu isiyotoka. Ndoo haina chujio, basi badilisha nusu ya maji kila siku na urudishie dawa ya ile nusu tu.

Wodi hii haisaidii kwa madoa meupe, kwa kuwa kimelea kimeshatapakaa kote. Hapo unatibu tangi zima. Kama chujio lako lina mkaa, utoe kwanza, la sivyo utakunywa dawa yote uliyoinunua. Yaani mkaa utakunywa, siyo wewe!

7. Kabati la dawa za familia lifunge

Vidonge vya antibiotiki vilivyobaki tangu mafua ya mtoto vikae huko huko, au virudishwe duka la dawa. Kuviponda na kuvinyunyiza kwenye tangi ni kubahatisha ugonjwa na kipimo kwa pamoja, na unafuga bakteria sugu sebuleni. Ukiwa na kidonda mkononi vaa glovu, kwa maana kuna bakteria wa samaki wanaoweza kuingia kwenye ngozi ya mtu na kuacha vidonda vya muda mrefu. Na mrija, tafadhali, usiuvute kwa mdomo.

8. Mlishe kwa utumbo wake, si kwa huruma yako

Tropheus, wale samaki wa miamba ya Kigoma wanaopendwa na wafugaji duniani, hula mwani na wana utumbo mrefu. Mbuna wengi wa Ziwa Nyasa ni hivyo hivyo. Ukiwapa vyakula vizito vya nyama wanavimba tumbo, wanaacha kula, na kinyesi chao kinakuwa uzi mweupe. Wape chakula chenye spirulina, kidogo kidogo.

Kwa samaki wengine, kile kinachoisha ndani ya dakika mbili kinatosha. Mgonjwa akigoma kula, kumnyima siku moja au mbili hakumdhuru, ila chakula kinachooza chini kinawadhuru wote. Umeme ukikatika, usilishe kabisa hadi urudi.

Na asiyepona? Kumwacha ahangaike wiki nzima si huruma. Mafuta halisi ya karafuu huwalaza samaki. Tikisa mafuta na maji ya uvuguvugu kwenye chupa ndogo hadi yawe meupe, yamimine taratibu kwenye bakuli lenye maji ya tangi, kama matone 10 kwa lita. Matamvua yakishatulia, muache humo nusu saa zaidi, kisha mfukie. Asiende chooni, na asiende mtoni.

9. Mgeni njoo, mwenyeji augue

Methali yetu inasema apone, lakini kwenye tangi mgeni huja na mizigo yake. Mweke kwenye ile ndoo ya wodi kwa wiki 2 hadi 4, na awe na wavu wake mwenyewe. Dukani usimkague yeye peke yake, waangalie na wenzake wa tangi hilo: mmoja akiwa amekufa chini au anajikwaruza, hata kama uliyemchagua ni mrembo vipi, ondoka naye machoni tu. Na ukishamnunua, mtoe kwa wavu. Yale maji ya mfuko yamwage nje.